Padre aliyefikiria mwanzo wa ulimwengu: je, alikuwa anaitetea Biblia?

Swali: "Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni katekista katika kigango kimoja huku Kagera. Kijana wangu yuko kidato cha tano, anasoma PCM (fizikia, kemia na hisabati). Likizo hii amerudi na habari kwamba ulimwengu ulianza kwa Mlipuko Mkuu, na kwamba mwenye wazo hilo alikuwa padre wa Kikatoliki. Nilimbishia sana, nikadhani wamemdanganya. Je, ni kweli? Kama ni kweli, padre huyo alikuwa anatafuta njia ya kuthibitisha Mwanzo sura ya kwanza, au alikuwa amekwisha kuiacha imani? Na mbona kitabu cha kijana kinamtaja Hubble peke yake?"

Jibu: Milele amina, katekista. Kijana wako hajadanganywa. Padre huyo ni Georges Lemaître, Mbelgiji, na alikufa akiwa padre kama alivyopadrishwa. Lakini swali lako la pili limeacha njia mbili tu, ama alikuwa anaitetea Mwanzo ama aliitupa imani, na yeye hakupita katika yoyote kati ya hizo. Niruhusu nilieleze kwa urefu. Nafundisha fizikia ya anga chuoni, na kila mwaka wanafunzi wa dini zote huniletea swali hili hili, na kila mwaka naona linastahili jibu lenye tarehe na hesabu ndani yake.

Alizaliwa Charleroi, mji wa makaa ya mawe na viwanda vya vioo, tarehe 17 Julai 1894. Mwenyewe alisema kwamba tangu akiwa mtoto wa miaka tisa hivi alitaka mambo mawili kwa pamoja, upadre na sayansi. Alianza uhandisi Chuo Kikuu cha Louvain mwaka 1911, vita vikamkuta hapo mwaka 1914, akajitolea jeshini. Alipigana kwenye mto Yser, kwanza askari wa miguu, baadaye mizinga, akarudi na nishani. Uhandisi hakuurudia. Alichukua hisabati na fizikia, akamaliza udaktari mwaka 1920, na mwaka huohuo akaingia nyumba ya malezi ya Mechelen, iliyowekwa kwa ajili ya vijana ambao vita viliwachelewesha kuitikia wito. Kardinali Mercier alimpa daraja ya upadre tarehe 22 Septemba 1923.

Kuna jambo moja la miaka hiyo ambalo sitaki kukuficha. Alipokuwa seminarini, mwaka 1921, Lemaître aliandika insha akijaribu kuyaoanisha maneno ya kwanza ya Mungu katika kitabu cha Mwanzo na fizikia ya wakati wake. Kwa hiyo wazo unalomshuku nalo lilimpitia kweli, akalijaribu kwa mkono wake. Kisha akaliacha, na aliliacha kabla hajaandika hata mstari mmoja wa kosmolojia, yaani elimu ya ulimwengu mzima. Hukohuko seminarini alikuwa anajifunza nadharia ya uhusianifu ya Einstein, ile inayoeleza nafasi, wakati na mvutano, Kardinali mwenyewe akiwa amembariki aendelee. Wiki chache baada ya kupadrishwa alikuwa Cambridge, mwanafunzi wa Arthur Eddington, mwanaastronomia aliyeijua nadharia hiyo kuliko karibu kila mtu Uingereza. Mwaka uliofuata alivuka kwenda Marekani, akafanya kazi na Harlow Shapley kwenye kituo cha uangalizi wa nyota cha Harvard.

Mwaka huo wa Marekani ndio uliomtengeneza. Wanahisabati wengi walioishika nadharia ya Einstein waliishia kwenye karatasi. Lemaître alikwenda kuwatafuta watu wenye darubini. Alikuwepo Washington kwenye mkutano wa wanaastronomia uliotangaziwa kwamba mwanaastronomia Mmarekani Edwin Hubble amepata umbali wa Andromeda, na kwamba Andromeda ni galaksi nzima, yaani mkusanyiko mkubwa wa nyota, nje ya yetu. Alikwenda Arizona kumwona Vesto Slipher, aliyekuwa ametumia miaka mingi kupima kasi za nebula, yale mawingu ya nuru angani ambayo mengi yalikuja kutambuliwa kuwa galaksi, na kukuta nyingi zinatukimbia. Alikwenda California kumwona Hubble mwenyewe. Akarudi Louvain mwaka 1925 kufundisha, mkobani ana kasi za mmoja na umbali wa mwingine.

Mwaka 1927 alitoa makala kwa Kifaransa katika jarida la Jumuiya ya Kisayansi ya Brussels. Kichwa chake kilikuwa kirefu, nacho kilisema karibu kila kitu: ulimwengu wenye tungamo lisilobadilika na nusukipenyo kinachokua, unaoeleza kasi za nebula zilizo nje ya galaksi yetu. Maana yake ni kwamba galaksi hazikimbii kama kundi la ndege waliotishwa. Nafasi yenyewe iliyo kati yao ndiyo inayotanuka na kuzibeba.

Chukua lastiki ya sketi, katekista, muite na kijana. Weka alama tatu kwa kalamu, A, B na C, kila moja sentimita 5 kutoka kwa mwenzake. Shikeni huku na huku mvute mpaka urefu wote uwe mara mbili. B sasa iko sentimita 10 kutoka A, yaani imesogea 5. C iko sentimita 20 kutoka A, imesogea 10. Muda ni uleule, na hakuna alama iliyotembea juu ya lastiki, lakini iliyokuwa mbali mara mbili imekimbia kwa kasi mara mbili. Sasa simama kwenye C uitazame A: utaona hesabu ileile, kila mmoja anaona wengine wanamkimbia, na hakuna aliye katikati. Nimelifanya jambo hili darasani mara nyingi, na siku zote yupo mwanafunzi anayeomba alama zichorwe upya ajaribu kuanzia B. Mwache kijana wako naye ajaribu. Kisha achore wimbi dogo kati ya A na B kabla ya kuvuta: wimbi nalo litarefuka. Ndivyo nuru inavyofanyika ikiwa safarini kutoka galaksi za mbali, inarefushwa na kuelekea kwenye wekundu, na wekundu huo ndio Slipher alioupima.

Lemaître hakuishia kwenye picha. Alichukua galaksi 42 ambazo kasi zake na umbali wake vilikuwa vimekadiriwa, akapiga hesabu ya kiasi cha kutanuka: kilomita 625 kwa sekunde kwa kila megaparseki moja, ambayo ni umbali wa miaka ya nuru milioni 3.26. Leo tunapata karibu 70. Hesabu yake haikuwa na kosa. Umbali wa galaksi uliojulikana wakati ule ulikuwa mfupi mno kuliko ukweli, na kosa hilo litarudi kutusumbua mbele.

Sasa nifikie hoja ambayo kwangu ndiyo inayolijibu swali lako, na watu wengi wanaosimulia habari za Lemaître huiruka. Ulimwengu wa makala ile ya 1927 hauna mwanzo. Ukiurudisha nyuma unazidi kupungua, lakini haufiki kwenye nukta wala siku ya kwanza. Unalikaribia umbo tulivu lenye ukubwa fulani, na kulikaribia huko kunachukua muda usio na kikomo. Padre mwenye miaka minne ya upadre, ameshika kalamu, anaandika nadharia mpya ya ulimwengu mzima, na nadharia hiyo inautambaza wakati nyuma bila mwisho. Aliyetoka nyumbani kwenda kuitafutia Mwanzo 1:1 ushahidi asingeandika hivyo. Aliandika kile ambacho milinganyo na kasi za Slipher vilimpa mwaka ule.

Oktoba 1927 Einstein alikuja Brussels kwenye mkutano wa wanafizikia uitwao Solvay, wakazungumza wakitembea bustanini. Einstein alimwambia kwamba hesabu zake ni sahihi, lakini fizikia yake ni ya kuchukiza. Alimwambia pia kwamba Mrusi Alexander Friedmann alikwisha kupata milinganyo ya aina hiyo mwaka 1922, jambo ambalo Lemaître hakulijua. Friedmann alikuwa amekufa mwaka 1925, na kazi yake ilikuwa ya hisabati tupu, haikuziunganisha hesabu na galaksi zozote. Baadaye Lemaître alikumbuka kwamba katika mazungumzo yale Einstein alionekana hana habari za karibuni za wanaastronomia. Miaka michache mbele, alipomweleza Einstein wazo la mwanzo, mzee alilikataa kwa sababu lilikaribiana mno na habari za uumbaji. Hapo ona, katekista: mwenye kuiona dini ndani ya milinganyo alikuwa Einstein.

Makala ilikaa miaka mitatu bila kusomwa. Eddington, ambaye nakala ilikuwa imemfikia, aliisahau. Mwanzoni mwa 1930 yeye na wenzake London walikuwa wanahangaika na tatizo lilelile, na Lemaître aliposoma taarifa ya kikao chao alimwandikia mwalimu wake kumkumbusha kwamba jibu analo tayari. Eddington hakuona haya kulikiri hilo, akaitangaza kazi ya mwanafunzi wake kila alikokwenda.

Ndipo mwaka 1931 wazo la mwanzo likaja, na lilikuja kwa mlango wa fizikia ya kwanta. Tarehe 9 Mei 1931 jarida la Nature lilichapisha barua yake fupi sana, haifiki hata ukurasa. Nitaieleza kwa fedha. Asubuhi una noti moja ya shilingi 10,000. Unanunua mkate, unapewa chenji, unapanda daladala, unapewa chenji. Tuseme fedha zote zinazozunguka mikononi mwa watu zinabaki 10,000 zilezile, lakini vipande vinazidi kuwa vingi na vidogo kadiri siku inavyokwenda. Nishati ya ulimwengu ni hivyo: jumla yake haibadiliki, ila inazidi kugawanyika katika vipande vingi zaidi, na vipande hivyo ndivyo kwanta. Sasa irudishe siku nyuma. Vipande vinapungua, vinapungua, mpaka unafika kwenye vichache, au kimoja tu. Hicho kimoja alikuja kukiita atomu ya mwanzo. Akaongeza jambo linalonisisimua hata leo: kikiwa kipande kimoja tu, maneno "wakati" na "nafasi" hayana maana bado, kwa sababu wakati unahitaji vitu vingi vinavyobadilika. Wakati wenyewe unaanza kuwa na maana pale kipande kinapoanza kugawanyika.

Rasimu ya barua hiyo imehifadhiwa Louvain. Mwishoni kuna aya ambayo haikuchapishwa. Humo alisema kwamba kila anayemwamini Mungu anayevishikilia viumbe vyote anaamini pia kwamba Mungu huyo amejificha, na anaweza kufurahi kuona jinsi fizikia ya sasa inavyoweka pazia linaloufunika uumbaji. Kisha akapitisha mstari juu ya aya nzima, akaipeleka barua bila hiyo. Ukiisoma kwa makini utaona kwamba hata aya aliyoifuta haidai kuwa sayansi imemwonyesha Mungu. Inadai kinyume chake, kwamba pazia lipo. Na hata hilo aliona si mahali pake katika jarida la sayansi.

Wazo lilipata wapinzani wengi, na walikuwa na sababu. Ukichukua kasi ya kutanuka ya miaka ile na kuigeuza kuwa umri, ulimwengu unapata chini ya miaka bilioni 2, wakati miamba ya dunia, kwa vipimo vya mionzi, ilikuwa inadai zaidi ya hapo. Mtoto hawezi kumzidi mama umri. Lemaître alitafuta njia ya kutokea kwa kuishikilia lambda, ile namba thabiti ambayo Einstein alikuwa ameiingiza kwenye milinganyo yake kisha akaitupa. Kwa lambda ulimwengu ungeweza kupunguza mwendo katikati, kama mtu aliyepumzika njiani, kisha ukaongeza tena, na hivyo ukapata miaka ya kutosha. Mwaka 1934 alieleza kwamba namba hiyo inaweza kusomwa kama nishati ya nafasi tupu. Wengi waliona ni ung'ang'anizi. Mwaka 1998 wanaastronomia walipima nyota zinazolipuka katika galaksi za mbali wakakuta kutanuka kunaongezeka kasi, na lambda imerudi kwenye vitabu vyetu vyote.

Kwingine alikosea. Aliamini mionzi ya kosmiki inayotunyeshea kutoka angani ni masalia ya kupasuka kwa atomu ya mwanzo, akatumia miaka mingi na mwanafizikia Manuel Sandoval Vallarta kukokotoa njia zake katika usumaku wa dunia. Hesabu zilikuwa nzuri, lakini mionzi ile haitoki huko alikodhani.

Jina la Mlipuko Mkuu hakulitoa yeye. Alilitoa mwanaastronomia Mwingereza Fred Hoyle kwenye redio ya BBC mwaka 1949, na Hoyle alikuwa mpinzani, akishikilia kwamba ulimwengu haukuwa na mwanzo.

Tarehe 22 Novemba 1951 Papa Pius XII alihutubia Akademia ya Kipapa ya Sayansi, ambayo Lemaître alikuwa mjumbe wake tangu 1936. Papa alisema sayansi ya kisasa, kwa kurudi nyuma mamilioni ya karne, imekuwa kama shahidi wa ile "Iwe nuru" ya mwanzo. Mapadre wangapi wangetamani kusikia kazi yao ikisemwa hivyo na Baba Mtakatifu? Lemaître alifadhaika. Alijua ndani ya nadharia kuna tatizo la umri ambalo halijatatuliwa. Alijua kwamba nadharia ikiisha kutundikwa kwenye imani, siku ikipatikana na kasoro watu watadhani ni imani iliyopatikana na kasoro. Mwaka 1952 alizungumza na Mjesuiti Daniel O'Connell, mkuu wa kituo cha uangalizi wa nyota cha Vatikani, kwa kuwa Papa alikuwa anakaribia kuhutubia wanaastronomia wa dunia nzima waliokutana Roma. Papa alitoa hotuba hiyo tarehe 7 Septemba 1952, na usemi ule wa mwaka uliotangulia hakuurudia. Kwenye mkutano huohuo wa Roma, Walter Baade alitangaza kwamba umbali wa galaksi ulikuwa umekadiriwa kwa karibu nusu ya ukweli. Umri wa ulimwengu ukaongezeka mara mbili kwa siku moja, na marekebisho yaliyofuata yameufikisha miaka bilioni 13.8.

Mwaka 1958, kwenye mkutano mwingine wa Solvay, alilisema jambo hili hadharani: nadharia yake, kwa anavyoona yeye, iko nje kabisa ya swali lolote la dini. Asiyeamini yuko huru kukana. Na anayeamini anazuiwa asimzoee Mungu kupita kiasi, kana kwamba amemwona akisukuma kitu kwa kidole. Akataja Mungu anayejificha wa nabii Isaya. Wewe unaijua aya hiyo, ni Isaya 45:15.

Nije kwa Hubble. Hubble alichapisha uhusiano wa kasi na umbali mwaka 1929, kwa vipimo bora, kwa Kiingereza, mahali ambapo kila mtu alisoma. Makala ya Lemaître ilitafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1931, na aya zenye hesabu ya 625 hazimo. Kwa miaka mingi kulikuwa na minong'ono kwamba kuna mtu alizikata ili kumlinda Hubble. Mwaka 2011 mwanaastronomia Mario Livio alionyesha barua iliyomaliza ubishi: mfasiri alikuwa Lemaître mwenyewe, na alimwandikia mhariri kwamba haoni faida ya kuchapisha tena mjadala ule wa kasi, kwani umepitwa na wakati. Alizikata kwa mkono wake. Mwaka 2018 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulipiga kura, asilimia 78 wakakubali kanuni hiyo ipendekezwe kuitwa ya Hubble na Lemaître. Kitabu cha kijana ni cha zamani tu, au mwandishi hajapata habari.

Alikuwa rais wa Akademia ya Kipapa kuanzia 1960 mpaka kufa kwake tarehe 20 Juni 1966. Mwaka mmoja kabla, Wamarekani Penzias na Wilson walikuwa wametangaza kwamba antena yao inapokea mvumo hafifu wa mawimbi kutoka kila upande wa anga, joto lililobaki la ulimwengu uliokuwa mchanga. Kwa hiyo masalia aliyoyatafuta kwenye mionzi ya kosmiki yalikuwepo, ila kwenye mawimbi mengine. Msaidizi wake Odon Godart alimpelekea habari hiyo akiwa mgonjwa, akaipokea kwa furaha.

Kijana wako akitaka kumsikia padre mwenyewe, inawezekana. Mwishoni mwa 2022 shirika la utangazaji la VRT huko Ubelgiji lilipata kwenye hifadhi yake mahojiano ya televisheni ya mwaka 1964, ya dakika kama 20, yaliyodhaniwa kupotea. Anazungumza Kifaransa, lakini hapo kwenu mpakani na Rwanda na Burundi hamtakosa mtu wa kuwatafsiria. Mtamsikia akiulizwa karibu swali lilelile uliloniuliza, naye akijibu kwamba haitetei atomu ya mwanzo kwa nia yoyote ya kidini iliyojificha.